UZI: Kiholanzi cha darasani na Kiholanzi cha watu – vile vitenzi vya mwisho wa sentensi vinapangwaje kweli?

Baharia_wa_Gent (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni kwa ndugu zetu walioko Uholanzi na Ubelgiji wanaohangaika na Kiholanzi, na kwa yeyote anayependa isimu. Malalamiko ni yale yale kila nikikutana na watu wetu huku: darasani umefundishwa kupanga maneno hivi, ukifika kazini unakuta mzee wa Brugge anapanga vile, na mwenzako aliyeko Groningen anakupigia simu akisema kule wanapanga tofauti kabisa. Ukiuliza, unajibiwa "hao hawasemi vizuri." Jibu hilo linaniudhi kwa sababu si kweli, na leo nataka tulichambue suala lenyewe kwa undani. Uzi utakuwa mrefu, vuteni viti.

Tuanze na msingi. Katika sentensi huru ya Kiholanzi, kitenzi kinachobeba nafsi na wakati hukaa nafasi ya pili. *Hij heeft het boek gelezen*, "amesoma kile kitabu". Ukianza na "jana", mtendaji anapisha: *Gisteren heeft hij het boek gelezen*. Lakini ukiitundika sentensi hiyo nyuma ya "najua kwamba", kile kitenzi cha nafasi ya pili nacho kinakimbilia mwisho na kuungana na wenzake. Hapo mwisho ndipo penye mambo, kwa sababu kuna njia mbili:

*dat hij het boek gelezen heeft*
*dat hij het boek heeft gelezen*

Maana ni ile ile. Katika ya kwanza kitenzi kikuu (*gelezen*, kusoma) kinatangulia na kisaidizi (*heeft*) kinafuata; katika ya pili ni kinyume chake. Wataalamu wa Kiholanzi wanauita mpangilio wa kwanza "wa kijani" na wa pili "mwekundu". Rangi hizo hazina siri yoyote. Anita Pauwels, mtafiti wa Ubelgiji, alichapisha mwaka 1953 utafiti kuhusu vitenzi hivi katika lahaja, akachora ramani, na rangi za ramani zikabaki kuwa majina hadi leo.

Sisi tuna kitu kinachofanana kidogo: "kitabu hiki" na "hiki kitabu", vyote vinapita. Lakini kwenye vitenzi hatuna uhuru huo. Hakuna Mswahili atakayegeuza "alikuwa amesoma" akasema "amesoma alikuwa". Ndiyo maana jambo hili linatuchanganya kuliko linavyomchanganya Mjerumani, ambaye kwao kitenzi kikuu hutangulia.

Sasa, nani anasema upi? Kwa mazungumzo ya kawaida, kijani kina nguvu sana upande wa Flanders, yaani sehemu ya Ubelgiji inayosema Kiholanzi, na pia kaskazini-mashariki mwa Uholanzi, karibu na mpaka wa Ujerumani. Nyekundu ni rangi ya maandishi: magazeti, barua za ofisi, taarifa ya habari. Mtu yule yule anaweza kuandika *heeft gelezen* asubuhi ofisini na jioni akamwambia mkewe *gelezen heeft*, bila kuhisi amebadilisha chochote.

Na uchaguzi wenyewe si wa kubahatisha. Gert De Sutter wa Ubelgiji amechunguza kwa kina ni nini kinachomsukuma mtu kwenye rangi hii au ile, na sababu mojawapo ni mdundo wa sauti. Ikiwa neno lililo kabla ya vitenzi limebeba mkazo, kama *boek* hapo juu, nyekundu inapendelewa zaidi, kwa sababu *heeft* isiyo na mkazo inaingia katikati na kuzuia mikazo miwili isikaribiane mno: *BOEK heeft geLEzen*. Sababu nyingine ni mwangwi. Hartsuiker na Westenberg walionyesha mwaka 2000 kwamba mtu aliyetoka kutumia rangi moja huelekea kuirudia katika sentensi inayofuata, kwenye kusema na hata kwenye kuandika.

Kuna mahali pamoja ambapo rangi inagusa maana. *dat de winkel gesloten is*: duka limefungwa, ndivyo lilivyo sasa hivi. *dat de winkel is gesloten*: hapa sikio linaelekea zaidi kwenye tendo, kwamba kuna aliyelifunga. Ukitaka kueleza hali tu, kijani ndicho salama.

Hayo ni ya vitenzi viwili. Ngoma yenyewe inaanza vikiwa vitatu. Nitakuja na sehemu ya pili baada ya kazi.

Baharia_wa_Gent

Naendelea.

Kati ya mwaka 2000 na 2004 watafiti walizunguka Uholanzi, Flanders ya Ubelgiji na kile kipande cha Ufaransa karibu na Dunkerque ambako wazee bado walikuwa na Kiflandria chao. Walifika sehemu 267. Matokeo yakatoka kama atlasi ya sintaksia (mpangilio wa maneno katika sentensi) ya lahaja za Kiholanzi, SAND kwa kifupi, juzuu la kwanza mwaka 2005 na la pili 2008. Kiongozi wa kazi hiyo alikuwa Sjef Barbiers wa Meertens Instituut ya Amsterdam.

Mojawapo ya sentensi walizouliza ni hii: "naona kila mtu anapaswa kuweza kuogelea". Kiholanzi cha kitabuni: *dat iedereen moet kunnen zwemmen*. Tuvipe vitenzi namba: *moet* (kupaswa) ni 1, *kunnen* (kuweza) ni 2, *zwemmen* (kuogelea) ni 3. Kihesabu, vitu vitatu vinaweza kupangwa kwa njia sita. Tungetegemea nini katika sehemu 267, tena sehemu zenye watu ambao wengine hawaelewani vizuri wakisema lahaja zao?

Zilipatikana njia nne tu.

1-2-3, *moet kunnen zwemmen*, ndiyo imetapakaa karibu kote.
3-2-1, kinyume chake kabisa, ni ya Friesland, mkoa wa kaskazini mwa Uholanzi wenye lugha yake, Kifrisia: *swimme kinne moat*.
1-3-2, *moet zwemmen kunnen*, na 3-1-2, *zwemmen moet kunnen*, zinapatikana hasa upande wa kaskazini-mashariki.

Lakini 2-1-3, *kunnen moet zwemmen*, na 2-3-1, *kunnen zwemmen moet*, hazikupatikana. Hakuna mwalimu aliyewakataza wakulima wa Drenthe na wavuvi wa Zeeland wasipange hivyo. Lahaja zao hawakujifunza kwenye kitabu cha sarufi darasani. Hata hivyo wote wanazikwepa njia zile zile mbili. Mimi hili linanigusa sana. Mtu anayedharauliwa kwamba anasema ovyo anafuata mipaka migumu ambayo hajawahi kuambiwa.

Barbiers analielezea hivi, kwa maneno yangu: sarufi ya Kiholanzi yenyewe inaruhusu njia kadhaa, kisha jamii ya mahali inachagua mojawapo. Ndiyo maana ukimuuliza mtu wa lahaja, mara nyingi atakubali pia mipangilio ambayo yeye mwenyewe hasemi, ila ile miwili anaikataa.

Karibuni tuchangie.

MamaKortrijk

Asante sana kaka kwa uzi huu. Mimi natokea Bujumbura, nafanya kazi ya kuhudumia wazee huku West-Vlaanderen, mkoa wa magharibi mwa Flanders. Mambo yangu mawili.

La kwanza, wazee wangu hawaachi vitenzi vikae pamoja. Darasani nimeambiwa *dat Jan een huis wil kopen*, nyumba kwanza, kisha vitenzi vyote. Wao wanasema *da Jan wilt een huis kopen*, nyumba wameiingiza katikati ya vitenzi. Nimelisikia sana hilo, kwa bibi na kwa wajukuu wake. La pili, kuna mzee mmoja anasema sentensi kama *met zulk weer je kunt niet veel doen*, "kwa hali ya hewa hii huwezi kufanya mengi", mtendaji mbele ya kitenzi. Mimi nikiandika hivyo kwenye zoezi, nakatwa maksi. Sasa nani kakosea, mimi au mzee?

Baharia_wa_Gent

@MamaKortrijk dada yangu, hakuna aliyekosea kati yenu. Mzee anasema lahaja yake, na zoezi lako linapima Kiholanzi sanifu.

Hilo la nyumba kuingia katikati ni alama kubwa ya West-Vlaanderen. Liliane Haegeman, aliyeandika sana kuhusu lahaja ya huko, ameonyesha kwamba kitu kinachotendwa kinaweza kukaa baada ya kitenzi cha kwanza bila shida. Uholanzi hawafanyi hivyo. Kule kinachoweza kuingia kati ya vitenzi ni kitu kifupi, kama kile kipande cha mbele cha *opbellen* (kupiga simu): *dat hij wil opbellen* au *dat hij op wil bellen*. Nyumba nzima, hapana.

Hiyo ya "hali ya hewa" ulivyoiandika ndivyo ilivyo hasa kwenye maswali ya SAND, na walikoikuta ni West-Vlaanderen na kule Flanders ya Ufaransa. Mahali pengine pote ni lazima *met zulk weer kun je niet veel doen*. Kwa hiyo mzee wako anabeba kitu cha kwao hasa. Msikilize vizuri, dada, na ikiwezekana muulize maneno mengine.

Halafu kuna jambo la kufurahisha. Vijana wa mijini Uholanzi, wengi wao wenye asili ya Morocco, nao wakiwa wenyewe kwa wenyewe wanaunda sentensi ambazo kitenzi kinakuwa cha tatu. Hawakujifunza kwa wazee wa Dunkerque. Njia ni yao wenyewe, na wana masharti yao kuhusu wakati gani wafanye hivyo.

Mwl_Ilala

Salaam kwenu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Dar es Salaam. Nasoma kwa heshima lakini nina mashaka. Kwanza, utafiti wa namna hii unaaminikaje? Mtu akija na kinasa sauti, hata bibi yangu ataanza kusema Kiswahili cha redioni. Pili, je, hii siyo lugha kuharibika kwa kuiga Kijerumani, hasa huo mpangilio wa kijani? Lugha ikikosa mpangilio mmoja, tutafundisha nini?

Baharia_wa_Gent

@Mwl_Ilala mwalimu, shikamoo. Maswali yote mawili ni mazito, nayajibu moja moja.

Juu ya kinasa sauti: waliliona hilo mapema. Waliowahoji walikuwa watu wa miaka 55 hadi 70, waliozaliwa na kukulia pale pale na kuitumia lahaja katika maisha yao. Uholanzi walifanya jambo la busara: mwenyeji mmoja alifundishwa namna ya kuuliza, kisha yeye ndiye akamhoji jirani yake kwa lahaja yao. Mtafiti alikaa pembeni. Ukiulizwa na jirani yako kwa lugha ya nyumbani, hujiandai kuwa mtangazaji. Kabla ya hapo walituma maswali ya maandishi, na baada ya hapo wakarudi kwa simu kuhakikisha.

Juu ya Kijerumani: hapa naomba tutazame historia. Ni kweli kwamba katika karne ya 20 kulikuwa na watetezi wa lugha safi walioushutumu mpangilio wa kijani kuwa ni Kijerumani kilichoingia kwenye Kiholanzi. Watoto wakafundishwa waandike nyekundu. Lakini ukirudi kwenye maandishi ya Kiholanzi ya karne ya 13, kijani ndicho kilichokuwa kikitawala, na nyekundu ilikuja kukua baadaye. Yaani mpangilio walioutetea kama wa wenyewe ndio mgeni zaidi kati ya hiyo miwili. Watu wengi waliona aibu kwa kusema kama mababu zao. Hilo linaniuma, mwalimu, kwa sababu lilifanyika kwa jina la kuilinda lugha.

Juu ya kufundisha: kiwango sanifu kina kazi yake na sikipingi. Na hata hicho kiwango hakina mpangilio mmoja. Nederlandse Taalunie, chombo cha pamoja cha Uholanzi, Flanders na Suriname kuhusu lugha, kinakubali kijani na nyekundu vyote kuwa sahihi.

Mbukusu_Halisi

Wakuu, natokea Bungoma, nasomea Leiden. Kuna kitu cha West-Vlaanderen hamjakitaja, na mimi nilipokisikia nilishtuka, maana nyumbani tunacho cha aina hiyo.

Lile neno lao la "kwamba", *dat*, linabadilika. Mtu mmoja: *da Marie komt*. Wawili: *dan Marie en Jan kommen*. Ile *-n* ni ya wingi, imepachikwa kwenye "kwamba"! Na sisi Lubukusu neno letu linalofanya kazi hiyo linabadilika pia: *ndi* nikiwa mimi, *oli* ukiwa wewe, *ali* akiwa yeye, *bali* wakiwa wao. Tofauti ni kwamba kwetu linamfuata yule anayesema au kudhani, mtendaji wa sentensi ya kwanza. Kwao linamfuata mtendaji wa sentensi inayokuja baadaye. Kiswahili na Kiholanzi sanifu vyote havina hilo. Ukiwauliza wanafunzi wenzangu Waholanzi, wengi hawajui kwamba lipo ndani ya nchi jirani yao.

Baharia_wa_Gent

@Mbukusu_Halisi hapo umetupa zawadi. Lina uhusiano na mada pia, kwa sababu hilo "kwamba" ndilo linalovisukuma vitenzi mwisho. Katika sentensi huru, kitenzi kimesimama nafasi ya pili. Likija *dat*, kitenzi kinaenda mwisho. Wanaisimu wengi wanaona hizo mbili zinagombea kiti kimoja, na kule West-Vlaanderen mkaaji wa kiti hicho, akiwa kitenzi au akiwa *dat*, anavaa alama ya wingi. Umoja na wingi vinaonekana pale pale. Ukiwa na muda tufungulie uzi wa Lubukusu peke yake.

Kaskazini_Groningen

Nimechelewa lakini nimesoma yote. Huku Groningen kazini nasikia *dat hij zwemmen kan*, "kwamba anaweza kuogelea". Nilidhani ni ile ile ya kijani. Nikamwambia binamu yangu wa Antwerpen, akaniambia kwao hakuna anayesema hivyo, ingawa *gelezen heeft* wanasema kutwa. Mbona wanachagua?

Na swali jingine: ulisema 2-3-1 haikupatikana popote. Mfleming mmoja aliniapia kwamba bibi yake anasema *willen kopen heeft*. Hiyo si 2-3-1?

Baharia_wa_Gent

@Kaskazini_Groningen mkuu, umekuja na maswali mazuri kuliko yote.

La kwanza: binamu yako yuko sawa. Kijani si kitu kimoja. Kuna kijani cha *hebben* (ndicho kitenzi kinachozaa *heeft*) na kitenzi chenye *ge-* mbele, na kuna kijani cha vitenzi vya kuweza, kupaswa na kutaka. Flanders wanakipenda cha kwanza na hawana cha pili. *Zwemmen kan* masikioni mwao ni ya kitabuni au ya watu wa kaskazini. Ninyi huko mnavyo vyote. Friesland wamekwenda mbali zaidi: kwa Kifrisia cha jadi kitenzi kikuu kinatangulia siku zote, *dat er it boek lêzen hat*. Ingawa vijana wao, kwa kuishi na Kiholanzi kila siku, wameanza kuchanganya.

La pili: bibi huyo huenda ni wa West-Vlaanderen, na kweli ni 2-3-1. Angalia nilivyoandika mwanzo: njia mbili hazikupatikana kwa *sentensi ile*, yenye "kupaswa" na "kuweza". Ukibadilisha kitenzi cha kwanza kikawa *hebben*, hali inabadilika. Haegeman ana mifano kama *da Valère willen een huis kopen heeft*, "kwamba Valère amewahi kutaka kununua nyumba" (nimeiandika kwa herufi za kawaida, matamshi yao ni mengine). *Heeft* ni 1 na liko mwisho, *willen* ni 2, *kopen* ni 3, na nyumba imeketi katikati kama MamaKortrijk alivyosema. Kwa hiyo aina ya kitenzi inaamua ni milango ipi iko wazi. Ile 2-1-3 ndiyo inayobaki bila mwenyewe.

Sasa niweke kipimo ambacho kinanisaidia kumjua mtu anakotoka kabla hajataja mji wake. Msikilize akisema "kwamba angekuwa amelifanya" (*zou* ni 1, *hebben* ni 2, *gedaan* ni 3):

*zou hebben gedaan* – 1-2-3
*gedaan zou hebben* – 3-1-2
*zou gedaan hebben* – 1-3-2

Ya mwisho ndiyo ya Wabelgiji. Mholanzi ataielewa vizuri, ila mwenyewe atachagua mojawapo ya mbili za juu. Lafudhi mtu anaweza kuificha akiwa kwenye runinga. *Zou gedaan hebben* inamponyoka.

MamaKortrijk

Kaka, nimefurahi mno. Swali la mwisho, la mtihani. Niandike ipi? Na hizi sauti za wazee wa sehemu zote hizo tunaweza kuzisikia wapi?

Baharia_wa_Gent

@MamaKortrijk dada, kwa vitenzi viwili andika rangi yoyote, zote sanifu. Mimi nikiandika barua natumia nyekundu kwa kuwa ndiyo wasomaji waliyoizoea kwenye maandishi. Kwa kuongea na wazee wako tumia kijani, ndicho chao. Lakini kijani cha *zwemmen kan* usikitumie huko Kortrijk, na nyumba usiiingize katikati ya vitenzi kwenye karatasi ya mtihani hata kama chumba kizima cha wazee kinakuunga mkono. Sentensi ikianza na "jana" au "kwa hali ya hewa hii", kitenzi kiwe cha pili.

Kwa vitenzi vinavyokatika kama *opbellen* una njia tatu: *opgebeld heeft*, *heeft opgebeld*, *op heeft gebeld*. Hiyo ya tatu utaisikia zaidi Uholanzi kuliko huko kwako.

Sauti zipo. Meertens Instituut wameziweka mtandaoni bure, hifadhidata inaitwa DynaSAND. Unachagua mji kwenye ramani, unapata mahojiano na maandishi yake. Anza na miji ya karibu na Kortrijk, halafu ruka moja kwa moja hadi Friesland usikie ile sentensi ya kuogelea.

Kaskazini_Groningen

Hiyo ya Friesland niachieni mimi. Nina mfanyakazi mwenzangu wa Leeuwarden, kesho namuuliza ile ya "angekuwa amelifanya", kisha namuuliza na mwanawe wa sekondari. Majibu nayaleta hapa hapa.